Kurekebisha ubongo ulioumia: mlango upi, tiba ipi?

Mama mdogo alikuwa amefikisha mwaka na miezi miwili tangu apate kiharusi kilichompooza mkono wa kulia, ndipo mtu mmoja alipomletea kipeperushi. Juu kulikuwa na picha ya ubongo unaong'aa rangi ya zambarau, na chini yake maneno "seli shina", yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, yameandikwa mara saba. Niliyahesabu. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu seli hizo zinatoka kwa nani, zinaingizwaje, wala zikishaingia zinategemewa kufanya kazi gani. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo ile tiba waliyoitaja redioni?"

Haikuwa ile. Ile ya redioni ilikuwa ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, na inatofautiana na ya kipeperushi kama fundi wa saa anavyotofautiana na mtu anayeitikisa saa ili itembee. Lakini simlaumu kwa kuchanganya. Siku hizi chini ya jina "kutibu ubongo ulioumia" yamerundikwa mambo mengi yasiyofanana: sindano za mgongoni, virusi vilivyobebeshwa jeni, mawimbi ya sauti, seli za kupandikiza, vifaa vya umeme. Nimeyaweka hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya yeyote anayelazimika kuchagua, awe mgonjwa, ndugu wa mgonjwa, au mtu aliyeitwa kushiriki jaribio la kitabibu.

Watu huanza kwa kuuliza, "Ipi ina nguvu zaidi?" Mimi naanza kwingine: dawa itaingilia wapi, itaenea hadi wapi, na mambo yakienda kombo, inatoka?

Ukuta wenyewe

Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alikuwa akidunga wanyama rangi kwenye damu. Viungo karibu vyote vilishika rangi, ubongo ukabaki mweupe. Yeye alidhani ubongo hauipendi rangi tu. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akafanya kinyume mwaka 1913: akaidunga rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ukapakwa na mwili uliobaki ukasalimika. Kwa hiyo rangi haikukataliwa na ubongo wenyewe, kulikuwa na kitu katikati. Miaka ya 1960 hadubini ya elektroni ikakionyesha: seli zinazojenga kuta za kapilari za ubongo, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zimebanana kiasi kwamba hakuna upenyo kati yake.

Makadirio yanayonukuliwa sana ni kwamba takribani asilimia 98 ya dawa zenye molekuli ndogo hazivuki ukuta huo. Zenye molekuli kubwa, kama kingamwili, ndizo zinazokwama zaidi.

Mfano mzuri zaidi wa hila ya kuuvuka uko kwenye kidonge cha zamani. Mgonjwa wa Parkinson amepungukiwa dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili. Mtu angedhani tiba ni kumpa dopamini, lakini dopamini ikiwa kwenye damu haiingii ubongoni. Levodopa, ambayo ni malighafi yake, inaingia, kwa kuwa inafanana na amino asidi na hivyo hubebwa na kibebeo kile kile kinachopitisha amino asidi. Ndiyo maana wagonjwa wengi huambiwa wasimeze kidonge pamoja na mlo wenye protini nyingi: amino asidi za chakula hugombania kibebeo hicho, na dawa inaachwa nje ikisubiri zamu. Kidonge ni kile kile na kipimo ni kile kile, ila siku nyingine kinafanya kazi na siku nyingine hakifanyi, kwa sababu ya msongamano mlangoni.

Ukishaelewa hilo, nusu ya utafiti wa leo unasomeka kwa urahisi.

Kupenya bila kutoboa fuvu: kibebeo dhidi ya mawimbi

Njia mbili zinajaribu kupitia kwenye damu na kuliacha fuvu salama.

Ya kwanza inaendeleza hila ya levodopa. Ubongo unahitaji madini ya chuma, na chuma huingia kikiwa kimebebwa na protini iitwayo transferini, ambayo ina vipokezi vyake kwenye ukuta wa kapilari. Watafiti wanaunganisha dawa na kingamwili inayokishika kipokezi hicho. Kipokezi kinapomezwa kwenda upande wa pili, dawa inakwenda nacho, kama abiria aliyedandia lori. Hili limeshatoka maabara. Mwaka 2021 Japani iliidhinisha pabinafusp alfa, kimeng'enya kilichounganishwa kwa namna hiyo, kwa ajili ya ugonjwa wa Hunter, ambao watoto huzaliwa nao. Vimeng'enya vya kawaida vya ugonjwa huo vilikuwa vikisaidia mwili huku ubongo ukiendelea kuharibika. Kwa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kingamwili ya aina hii, trontinemab, iko kwenye majaribio.

Ya pili haisubiri kubebwa, inafungua mlango. Mgonjwa hudungwa viputo vidogo sana vya gesi kwenye mshipa, kisha mawimbi ya sauti yasiyosikika huelekezwa kwenye sehemu moja ya ubongo. Viputo vikipita hapo hutanuka na kunywea, vikizisukuma kuta za kapilari hadi zilegee. Ndani ya siku moja au mbili ukuta hujifunga tena. Timu ya hospitali ya Sunnybrook, Toronto, ilifanya hivyo kwa binadamu kwa mara ya kwanza bila upasuaji mwaka 2015, kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo. Mwaka 2024 madaktari wa West Virginia walichapisha matokeo ya wagonjwa watatu wa Alzheimer waliopewa kingamwili ya aducanumab huku ukuta ukifunguliwa upande mmoja tu. Amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ilipungua zaidi mahali palipofunguliwa. Watatu ni wachache mno kumwambia mtu "nenda ukatibiwe hivi". Hata hivyo mgonjwa akiwa na pande mbili za ubongo, upande mmoja unakuwa shahidi dhidi ya mwingine, na mpangilio huo naupenda kuliko majaribio mengi makubwa.

Tofauti yake kwa mgonjwa ni hii. Kibebeo hueneza dawa ubongo mzima, na siku ya matibabu hufanana na siku yoyote ya dripu. Mawimbi hufika unapoelekeza tu. Mgonjwa hunyolewa nywele, kichwa hushikizwa kwenye fremu chini ya kofia yenye vyanzo vya mawimbi 1,024, akiwa ndani ya mashine ya MRI, na kazi hiyo hurudiwa kila awamu ya dawa. Kwa uvimbe ulioko mahali pamoja, mawimbi yana mantiki. Kwa ugonjwa uliosambaa, mimi ningeweka matumaini kwenye kibebeo.

Njia zote mbili zina sifa moja ambayo kwangu ni kubwa: zinaachika. Dripu ikikudhuru, hurudi kwa ijayo. Na mawimbi yakikomeshwa, ukuta unajifunga. Lakini kuachika si sawa na kutodhuru. Kingamwili zinazoondoa amiloidi zinaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu kidogo kidogo, hasa kwa wenye APOE4, aina ya jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, ndiyo maana vipimo vya MRI hufuatana nazo.

Ugonjwa mmoja, milango miwili

Anayetaka kuona uzito wa njia aangalie Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole. Chanzo kinajulikana: jeni moja inayotengeneza protini yenye kasoro. Lengo la tiba nalo linajulikana: punguza protini hiyo. Swali lililobaki ni la mlango, na milango miwili imejaribiwa karibu wakati mmoja.

Tominersen ilipitia mgongoni. Sindano kiunoni, dawa ikaingia kwenye maji ya uti wa mgongo na kuelea kwenda juu. Njia hii ina sifa nzuri kwingineko: nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016 kwa watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa misuli kunyong'onyea unaotokana na uti wa mgongo, inatolewa hivyo hivyo, na imebadilisha maisha ya watoto ambao zamani hawakuwa wakifikisha miaka miwili. Ila kule shabaha ilikuwa uti wa mgongo wenyewe, jirani wa mlango. Kwa Huntington, sehemu inayoumia zaidi iko katikati kabisa ya ubongo, mbali na maji hayo. Machi 2021 utoaji wa tominersen ulisimamishwa katika jaribio kubwa. Waliodungwa mara nyingi zaidi walikuwa wakiendelea vibaya kuliko waliopewa dawa bandia isiyo na tiba ndani yake.

AMT-130 ilipitia kwenye fuvu. Ni virusi visivyoleta ugonjwa vilivyobebeshwa maagizo ya kupunguza protini ile ile, vikamiminwa polepole moja kwa moja ndani ya kiini kinachoumia, kwa upasuaji wa saa 12 hadi 18. Septemba 2025 watengenezaji wake walitangaza kwamba kwa wagonjwa 12 waliopata kipimo kikubwa na kufikisha miaka mitatu, kasi ya ugonjwa ilipungua kwa asilimia 75. Habari hiyo ilienea kwa haraka, na inastahili. Ila wasomaji wengi waliruka kifungu kimoja: wagonjwa hao walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine waliofuatiliwa kwingine, si na watu waliofanyiwa upasuaji bandia kwa miaka yote mitatu. Kwa ugonjwa unaokwenda polepole, tofauti ya namna hiyo inaweza kuvimbisha namba au kuifinyaza.

Ningeulizwa nichague kati ya milango hiyo miwili kwa ajili ya mtu wangu, ningejiuliza kwanza yuko hatua gani. Sindano ya mgongoni inasimamishwa. Virusi vikishaingia kwenye seli, havitoki. Mtu ambaye dalili zake ndiyo kwanza zinaanza, mwenye miaka kadhaa mizuri mbele yake, ana cha kupoteza zaidi akikosea. Na huyo huyo ndiye mwenye cha kuokoa zaidi. Hapo sina jibu rahisi la kumpa mtu.

Tiba ya jeni inapokuwa na jibu la wazi

Kuna ugonjwa mmoja ambao hausumbui sana kichwa. Watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya kiitwacho AADC hawawezi kutengeneza dopamini kabisa. Wengi hawainui shingo, hawakai, na hupatwa na vipindi vya macho kukodolea juu kwa saa nyingi huku mwili umekakamaa. Virusi vyenye jeni sahihi hudungwa kwenye vituo viwili kila upande wa ubongo, mara moja tu. Ulaya iliidhinisha tiba hiyo Julai 2022, na Novemba 2024 Marekani nayo ikaiidhinisha, ikiwa tiba ya kwanza ya jeni nchini humo kudungwa moja kwa moja ubongoni.

Kwa nini hapa imekuwa rahisi na kwingine ngumu? Kwa kuwa seli zenyewe ziko hai. Zimekosa kifaa kimoja, na sehemu zinakohitajika ni ndogo na zinajulikana. Linganisha na kiharusi. Mshipa mkubwa ukiziba, makadirio ni kwamba seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Baada ya miezi, mahali pale hubaki shimo lenye maji na kovu pembeni. Jeni huwezi kuipelekea seli isiyokuwepo.

Kwa watoto wadogo kuna virusi vya aina ya AAV9 vinavyoweza kutoka kwenye damu na kuvuka ukuta bila kutoboa fuvu, na tiba ya jeni ya ugonjwa wa misuli nilioutaja, iliyoidhinishwa Marekani 2019 kwa watoto wa chini ya miaka miwili, inatumia virusi hivyo. Bei yake ni mzigo kwa ini, ambalo hupokea sehemu kubwa ya dozi.

Kuna jambo ambalo huwa halisemwi mapema. Baada ya tiba ya virusi, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya virusi hivyo. Kwa kawaida hutaweza kupewa aina ile ile tena, hata kama mwaka ujao litatoka toleo bora. Tiketi ni moja.

Seli: kuziba pengo au kuuguza

Sasa tufike kwenye kipeperushi. Neno "seli" linabeba tiba mbili tofauti kabisa, na matapeli wanaishi kwenye utata huo.

Katika tiba ya kwanza, seli zinakuja kukaa. Kwa Parkinson, seli zinazokufa ni za aina moja, kazi yao ni kutoa dopamini, na haijalishi sana zinatolea wapi mradi iwe kwenye kituo kinachohitaji. Hata hazirudishwi kwenye makazi yao ya asili. Zinapandwa kule mikono yao inakopaswa kufika, kwa sababu nyuzi zake zingeshindwa kusafiri umbali huo kwenye ubongo wa mtu mzima. Aprili 2025 zilichapishwa tafiti mbili kwa pamoja: moja ya Marekani na Kanada yenye wagonjwa 12, seli zikiwa zimetokana na seli shina za kiinitete, nyingine ya Kyoto yenye wagonjwa saba, seli zikiwa zimetokana na seli za mtu mzima zilizorudishwa utotoni maabarani. Uvimbe haukuonekana. Picha zilionyesha seli zilizopandwa zinatengeneza dopamini. Wagonjwa kadhaa walionekana kuwa na nafuu.

Kwa nini basi nasema "walionekana"? Kwa sababu ya mwaka 2001. Wakati huo seli zilitoka kwenye vijusi, na wagonjwa 40 wa Parkinson waligawanywa: nusu wakapandikizwa, nusu wakatobolewa fuvu bila chochote kuingizwa, wasijue wako kundi gani. Kwa wenye zaidi ya miaka 60 hakukuwa na faida. Kwa wenye umri mdogo zaidi ilikuwepo kiasi, lakini baadhi ya waliopata nafuu walianza baadaye kujipindapinda bila hiari, na safari hii kupunguza dawa hakukusaidia, pengine kwa kuwa dopamini ilikuwa ikitoka kwenye seli zisizozimika. Kila mtafiti wa seli za Parkinson leo anafanya kazi akiangaliwa na kivuli cha jaribio hilo. Ndiyo maana hatua inayofuata ya seli za Marekani ina kundi la upasuaji bandia. Mtu anayekwenda kwenye jaribio hilo aelewe kwamba huenda akatobolewa bila kupewa kitu, na kwamba bila watu wa kukubali hivyo hatutajua lolote.

Tiba ya pili inaleta seli zinazopita. Seli kutoka uboho hupandwa pembeni ya jeraha, hutoa kemikali za kutuliza na kuchochea uponaji, kisha hutoweka baada ya muda mfupi. Haziwi nyuroni, yaani seli za neva, mpya. Julai 2024 Japani ilitoa idhini ya masharti na ya muda kwa seli za namna hiyo, SB623, kwa watu wenye ulemavu uliotokana na ajali ya kichwa. Lakini seli hizo hizo zilipojaribiwa kwa wagonjwa 163 wa kiharusi, jaribio halikufikia lengo lake kuu, ilitangazwa 2019. Ubongo ni ule ule, seli ni zile zile, jeraha ndilo tofauti. Anayekuambia "seli shina zinatibu ubongo" bila kuuliza ubongo wako uliumiaje, anauza.

Na zikienda vibaya? Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana aliyedungwa seli za neva za vijusi ubongoni na kwenye maji ya uti wa mgongo, nje ya jaribio rasmi. Baada ya miaka kadhaa alikutwa na uvimbe, na vipimo vya jeni vikathibitisha kuwa haukuwa wa mwili wake, ulikuwa wa seli alizopewa. Mwaka 2016 madaktari wengine waliripoti mgonjwa wa kiharusi aliyetibiwa kwa seli katika nchi tatu, akaota mgongoni tishu ya mtu mwingine. Mtu huyo alikwenda kutafuta mkono, akarudi na miguu imeanza kupooza.

Kuna na wazo la tatu, la kuzigeuza seli za ubongo zisizo nyuroni kuwa nyuroni hapo hapo zilipo, bila kupandikiza. Linavutia sana kulisoma. Mwaka 2021 watafiti walifuatilia kwa makini panya waliodhaniwa kupata nyuroni mpya kwa njia hiyo, wakakuta ni nyuroni za zamani, alama ya kuzitambulisha ilikuwa imevuja. Usilisubiri.

Kufundisha kilichobaki

Nimemwachia mama mdogo sehemu hii, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza.

Ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86. Kiharusi huua sehemu, lakini zinazobaki zinaweza kupangwa upya. Tatizo ni kwamba mtu mzima hujipanga kwa shida. Neva ya vagasi, inayopita shingoni, ikichochewa hufanya ubongo utoe kemikali ambazo huuambia, kwa lugha ya mitaani, "hii iandike". Ukiichochea sekunde ile ile mkono unapofanya jambo sahihi, ile njia ya neva inatiwa muhuri.

Kinachofanyika hasa ni hiki. Kifaa kidogo kama cha kuongoza moyo huwekwa chini ya ngozi ya kifua, waya ukapanda hadi shingoni upande wa kushoto. Kisha ni meza, kiti na mtaalamu wa tiba ya viungo. Mgonjwa ananyoosha mkono kushika kikombe. Vidole vinapoanza kufunguka, mtaalamu anabonyeza kitufe, na nusu sekunde ya umeme inapita. Kikombe kinainuliwa, kinarudishwa. Tena. Zaidi ya mara 300 kwa kikao kimoja, vikao 18 ndani ya wiki sita.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa na watu 108 waliopata kiharusi cha mshipa kuziba kati ya miezi tisa na miaka kumi nyuma. Wote waliwekewa kifaa, wote walifanya mazoezi yale yale, ila nusu kifaa chao hakikuwashwa ipasavyo. Miezi mitatu baada ya vikao, asilimia 47 ya waliowashiwa walikuwa na nafuu ya maana, dhidi ya asilimia 24 ya wengine. Marekani iliidhinisha mwaka huo huo.

Nimeisoma hiyo namba ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza. Robo ya watu, wengine wakiwa na kiharusi cha miaka mingi, walipata nafuu ya maana kwa mazoezi ya kukazana bila msaada wa umeme. Hakuna kipeperushi kitakachochapishwa kuhusu hilo. Tusitie chumvi pia: kwa kipimo cha uwezo wa mkono chenye alama 66, wastani wa waliowashiwa ulipanda alama 5, na wa wengine 2.4. Alama 5 si mkono mpya, ila zinaweza kumwezesha mtu kufunga kifungo mwenyewe.

Ukiiweka pembeni ya seli na virusi, tiba hii ni ya kawaida mno. Haiponyi ugonjwa unaoendelea, haina kazi kwa Huntington wala Alzheimer, na waliojaribiwa hawakuwa na kiharusi cha kuvuja damu. Madhara ya kawaida ni sauti kukwaruza. Lakini ina kile ninachokitafuta: mlango unaojulikana, shabaha inayolingana na jeraha la miaka, na swichi ya kuzimia.

Kabla ya kusaini

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliyemwona mama mdogo alituuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Mkipokea seli za kwenye hiki kipeperushi, mnajua mnafunga milango mingapi?" Majaribio mengi rasmi huwakataa waliowahi kupandikizwa seli au kupewa jeni, maana matokeo yakibadilika haitajulikana ni kwa sababu ya kipi. Nafuu ya kubahatisha leo inaweza kukunyima tiba halisi ya miaka mitano ijayo. Kingine ni pesa. Sehemu nyingi, mshiriki wa jaribio rasmi halipii tiba inayojaribiwa. Ukidaiwa malipo makubwa ili "ushiriki utafiti", uliza utafiti huo umesajiliwa wapi, kwa namba gani, na nani anafuatilia wagonjwa baada ya miaka mitano.

Ugonjwa wako ukiwa wa jeni moja inayojulikana na daktari akataja jaribio, sikiliza kwa makini na uulize mlango. Ukiwa ni Parkinson na una umri ambao bado mwili unastahimili dawa za kuzuia kinga ya mwili isizikatae seli za kigeni, majaribio ya seli yenye kundi la upasuaji bandia yanastahili mazungumzo. Alzheimer ya mwanzo, uliza kuhusu MRI na APOE4 kabla ya kuuliza kuhusu dripu. Kiharusi cha zamani, anza na mtaalamu wa tiba ya viungo, halafu ndiyo uulize umeme.

Kifaa hatujakipata bado. Mama mdogo anafanya mazoezi mezani kila asubuhi, kikombe cha plastiki, kunyanyua na kurudisha. Kipeperushi anacho. Amekigeuza upande wa nyuma usio na maandishi, na kwa mkono wa kushoto anapiga mistari ya kuhesabu, tano tano. Juzi alifika 220, akasema kidole gumba kimechoka, zilizobaki atamalizia jioni.